Mto

Nuk alikata kangaga mara ya sita mwaka ule,
goti la kushoto limefungwa kitambaa,
akilitukana kila shina kwa jina la mkwewe
aliyeleta ng'ombe.

Mkwewe ni mimi.

Niliuza mahogani ya Lacanjá, nikanunua lori.
Lori liliishi miaka minne, ng'ombe saba,
kisha udongo ukawa kigae
na kangaga ikaja, ikafika kifuani,
ikafunga hata njia ya mjusi.
Moto iliupenda. Ichome leo,
keshokutwa inachomoza ngumi ndogo za kijani.

“Chujum,” alisema Nuk. “Nitafutie mbegu za chujum.”
Lakini chujum zote za jirani
nilikwisha kuziangusha.
Nikanyamaza kama mwizi aliyeulizwa saa.

Akaingia ndani, akatoka na mto,
ule alioujaza sufi ya chujum msimu wa arusi yake,
uliobeba kichwa cha mumewe mpaka asubuhi ya mwisho.
Mto usiojua maji,
ila jasho, na mate ya usingizi.
Akakata uzi kwa meno.

Ndani ya sufi, punje nyeusi,
ndogo kuliko chawa.
Akazitupa kwa mkono mlegevu, kama alishaye kuku,
katikati ya vishina vilivyokatwa.
“Zimelala miaka thelathini,” nikasema.
“Nimelala nazo,” akajibu. “Zinanijua.”

Nyingi zilikwenda na sisimizi.
Zilizobaki ziliota kwa hasira:
mvua moja, miche ikanipita kichwa,
mvua ya pili, ikapita paa,
na majani mapana kama sinia yakaanguka,
yakaanguka, yakaanguka,
kangaga ikakosa jua, ikawa kahawia,
ikawa kitu cha kukanyagwa.

Usiku popo huja kunywa kwenye maua meupe
na kunya mbegu za miti nisiyoijua.
Nuk anaijua yote. Hanitajii.
Nilipouliza lini tutapanda mahindi
alichota udongo, akaunusa, akautema mate:
“Bado.”

Lori liko palepale. Mramoni umepenya
mahali palipokuwa na taa ya kulia.

Juzi maganda ya chujum yamepasuka.
Amenituma niokote sufi,
ameniambia nisichambue mbegu.
Anashona mto mpya, polepole, macho hayaoni uzi.
Sijauliza ni wa nani.