Jirani wa Kitatange

Ka! Ka-ka! Kama ukucha juu ya sinia.
Huo ndio mlango wake, na ndio kufuli.
Kitatange, samaki wa kiganja kimoja,
ana shamba la mwani nyuma ya tumbawe,
kina cha kiuno, Casuarina, bahari imekupwa.

Kwanza huyagonga meno. Usiposikia,
hupanda ghafla, akashuka kama aliyeteleza,
mapezi wima, ubavu mbele: nione nilivyo mpana.
Ukizidi, huuma. Mimi kaniuma goti.

Mbeyu kashika kamba, mimi kipaza sauti
tulichokifunga kwa mpira wa baiskeli.
Tukapiga sauti ya jirani yake wa mashariki
kutoka mashariki. Akaendelea kula.
Tukahamia magharibi, sauti ile ile,
lo! Akafyatuka kama kizibo cha soda,
akakipiga kichwa kile kipaza mpaka kamba ikacheza.

Mbeyu akacheka, maji yakamwingia puani.
"Kumbe haulizi nani," akasema akikohoa. "Auliza wapi."

Usiku, Maweni, nimelala na chumvi masikioni.
Ng'ambo ya ukuta Bi Mgeni naye anakohoa
kama kila usiku, mwaka wa tisa huu,
tangu ile kesi ya mpaka wa choo.
Hatusalimiani.
Lakini kikohozi hicho kingetokea jikoni kwangu
ningeruka na mwiko.

Kikitoka pale pake
nageuza ubavu,
nalala.