Msoma Mita

Saa tisa usiku. Mililita kumi na mbili.
Sista Leokadia anamulika mfuko kwa tochi ya simu,
anaandika kwenye chati,
na baba, aliyesoma mita za maji miaka thelathini na mmoja,
Igogo mpaka Bugarika, mlima kwa mlima,
anauliza bila kufumbua macho: "Ngapi?"
Kumi na mbili, Mzee Mabula.
"Basi kuna koki imefungwa. Au mita imekufa."

Moyo, wanasema, hauna neno.
Walitoa mshipa mguuni wakaushona kifuani,
damu ikapazunguka palipoziba.
Siku ya kwanza alitania:
"Mwambieni mama Limi, uzeeni huku nimepata mchepuko."
Tukacheka mpaka mshono ukamkemea.

Siku ya pili mfuko ukawa mwepesi.
Siku ya tatu miguu ilijaa, pete ikagoma kidoleni.
Daktari Rweyongeza alichora nyuma ya karatasi ya vipimo
maharage mawili na bomba:
mashine ilipokuwa ikipiga kwa niaba ya moyo
presha ilishuka, na figo zikaingia kwenye mgao.
Hazijafa, alisema. Zimezimia.
Akaligonga neno hilo kwa kalamu, mara mbili,
kama mgeni asiye na hakika na mlango.

Mgao naujua. Nimekulia Mabatini,
ndoo kumi na nne uani,
mama macho saa nane za usiku
akisikiliza bomba likikohoa.
Kwanza hewa. Kisha kutu.
Kuna siku iliishia kwenye kutu.

Dirishani ziwa limelala lote, mpaka Saanane na kupita,
halina mita,
na mimi namgawia kikombe cha kahawa:
nusu asubuhi, nusu jioni.
Midomo imepasuka, naipaka gliserini.
"Kwa Nkwimba panavuja," anaropoka,
"chooni, nyuma ya pipa. Nilimwambia."

Fomu ya kusafisha damu iko mkobani.
Saa nne wataniuliza.
Kule Magu ng'ombe wawili wamefungwa kando,
mnunuzi anangoja simu yangu.
Sijasaini, sijapiga.

Saa kumi, kumi na nne.
Saa kumi na moja, kumi na moja.
Sista yuko kitanda cha sita, kuna mtu anatapika.
Kunguru wameanza.

Nilipokuwa darasa la tatu alinichukua kazini likizo nzima,
akanifunulia vifuniko vya chuma, mijusi ikakimbia.
Mita haisomwi kwa kusimama, alisema.
Ukisimama utamwonea mtu.
Inama, jicho lilingane na namba.

Napiga magoti kwenye sakafu yenye harufu ya dawa.
Rangi ya chai iliyochacha.
Tone. Nangoja. Tone jingine,
na sijui kama ni bomba linaamka
au ni yale yaliyobaki kwenye mpira.

"Ngapi?"
Kumi na tisa, baba.
Ananyamaza kama anayejumlisha.
"Umeinama?"
Nimeinama.
"Andika."