Bitana

Mimi ni fundi wa nguo, soko la Arua,
na ramani yangu ya mji si ya barabara.
Choo cha kituo cha mabasi: kitasa kibovu, imba ukiwa ndani.
Cha msikiti wa Oli: maji yapo, vua viatu upesi.
Cha kanisa kule Ediofe: kisafi, lakini kuna mlima,
na mlima si wa kila tumbo.
Cha soko, hatua arobaini na moja kutoka cherehani yangu,
mlangoni anakaa Acidri, kijana,
anachana karatasi, anapokea mia tatu,
na siku isiyo na mteja hunipitisha kwa mkopo.

Miaka minne nilipewa majina yasiyo yangu.
Taifodi. Nikameza.
Amiba. Nikameza.
Alsa, akasema wa duka la dawa, macho kwenye simu.
Shangazi akasema ni jicho la mtu,
akaniletea mizizi ndani ya chupa ya soda;
usiku ule nilihamia chooni na taa.
Damu ikaja, ikaja na kamasi.
Sketi zangu nikazipunguza kiuno mara tatu kwa mwaka,
na wateja niliowapima kwa futi
wakanipima kwa macho,
wakanong'ona ule ugonjwa mwingine.
Nilipima. Sina.
Lakini majibu kama hayo utayabandika ukuta gani?

Acidri ndiye aliyesema, kwa aibu, akitazama ndoo:
"Dada Candiru, jana mara kumi na moja.
Mtu wa alsa haji mara kumi na moja."

Kampala, kamera iliingia kwa mlango
nisioutaja mbele ya mama mkwe.
Jana yake nilikunywa dawa ya kuosha
nikabaki mtupu kama gunia lililokung'utwa.
Wakanyofoa vipande, vidogo kama punje za mtama,
waviweke chini ya hadubini,
waondoe kwanza shaka ya kifua kikuu cha utumbo.
Nilingoja siku kumi na mbili kwa binamu yangu, Ntinda,
nikishona mapazia yake kulipia chakula.
Daktari Nansamba akanigeuzia kioo:
wekundu, mchubuko, ukuta mbichi.
"Kolaitisi ya vidonda. Si mdudu, wala si mtu.
Kinga yako mwenyewe inaukwangua utumbo kwa ndani."
Akachukua kalamu achore.
Nikamwambia, usichore, hii naijua.
Ni bitana.
Koti linapendeza nje, watu wanalisifu,
ndani kitambaa kimelika hadi uzi.
Akacheka. Kisha hakucheka:
"Koti hili utalivaa maisha yako yote."

Sasa daftari langu lina pande mbili.
Mbele: kifua thelathini na nane, bega kumi na sita,
arusi ya Vurra, Jumamosi.
Nyuma: mara sita, damu. Mara nne, damu kidogo.
Mara mbili.
Mesalazini asubuhi na jioni, hata nikiwa mzima,
hasa nikiwa mzima,
somo hilo lilinishinda muda mrefu.
Prednisoloni ilinivimbisha uso,
shangazi akapiga vigelegele: umenenepa!
Maharage tunakwepana tumbo likiwaka,
likipoa tunasalimiana.
Na duka likisema, "Zimekwisha, labda Ijumaa,"
tumbo halijui Ijumaa.

Wiki iliyopita Acidri alinijia mwenyewe
na suruali ya kupandisha pindo.
"Siku tisa hujafika. Nikajua umehama, au umepona."
Sijapona, nikamwambia. Hii ni bandi:
mishono mirefu, ya kushikiza tu,
ukiisahau inafumuka barabarani.
Akatoa pesa ya suruali. Nikaisukuma.
Nikamuuliza, ile mikopo ya chooni ilifika mingapi?
Akasema hakumbuki.

Mwongo huyo. Anahesabu kuliko daktari.