Hatua Tatu

Mbwa wangu nilimwita Yatakwisha
mwaka ule wa madeni, mke wangu akiwa wodini Frelimo,
ili kila nikimwita uani majirani wasikie,
na mimi nisikie.
Madeni yakaisha. Mke wangu pia.
Mbwa akabaki na jina.

Kila alfajiri tulishuka Mlandege pamoja,
mimi na sindano zangu za kushonea mabegi,
yeye mbele, huru, mkia juu kama bendera ya ofisi ya kata,
akinusa kila ndoo, kila gunia la viazi, kila kisigino.
Na watu wakirudi nyuma nilikuwa na neno moja mdomoni,
neno la wenye mbwa wote:
"Hang'ati huyo. Anacheza tu."

Mwezi wa saba, baridi ya kukunja vidole,
ukungu umeilalia Gangilonga hata lile jiwe lisemalo limenyamaza,
Vaileth wa mama Chengula alikuwa anapanda
na deli la maandazi kichwani.
Yatakwisha akamwendea.
Hakubweka. Alikwenda kusalimia,
jinsi anavyosalimia: kwa pua.

Mtoto hakukimbia.
Angekimbia, ningecheka.
Alisimama kama mti uliokwisha katwa na bado haujaanguka,
macho kayafumba,
mkojo ukamshuka polepole hadi ndani ya soksi ya shule.
Deli halikuyumba.
"Hang'ati," nikasema.
Akajibu bila kufumbua macho:
"Hata yule wa Kihesa walisema hivyo."
Ndipo nikaliona shavu la mguu wake,
kovu limeruka-ruka
kama mshono wa fundi mwanafunzi.

Jioni nilitoa begi la mteja asiyerudi tangu Pasaka,
nikafumua mkanda wake, nikaukunja mara mbili,
nikaupiga uzi wa nailoni,
uzi ule ule wa kuzuia madaftari yasimwagike barabarani.
Yatakwisha alilala mlangoni akinitazama
kama alivyonitazama siku ile ya jeneza.

Kesho yake tulipita Kitanzini.
Watani wakanipokea: "Mhehe, kitoweo umekifunga kisikutoroke?"
Nikawacheka, wakanicheka, hayo yana wenyewe.
Lakini jina la mtaa lilinikaa kooni.
Wazee wetu walipandishwa hapa na Mjerumani,
kamba shingoni, hawakushuka wazima.
Nami leo, mchana kweupe, namvuta kiumbe kwa shingo
mahali hapa hapa?

Nikasimama.
Mkanda ukakaza, ukanivuta mimi.
Mwenzangu alikuwa amefika kwenye mfereji, ana shughuli zake,
ikabidi ningoje, kofia mkononi,
kama tarishi anayemngoja mkubwa atoke chooni.
Kitanzi, nikawaza, ncha yake ya pili hufungwa mtini.
Mti hauchoki, wala hauoni haya.
Ncha ya pili ya huu ni mkono wangu.
Kamba hukatikia pabovu, walisema waliotutangulia;
miaka sita yote
pabovu palikuwa mdomo wangu.

Sisemi ameupenda. Usiku wa kwanza aliutafuna,
nikaushona upya asubuhi, nikimtukana kwa Kihehe.
Sisemi nami nimeupenda. Bega linauma,
na kila tunapokutana na mbuzi wa Mzee Ngimba
mimi ndiye ninayeonekana nimefugwa.

Jana Vaileth alitukuta njia panda ya sokoni.
Akasimama mbali, deli kichwani.
"Babu, huo mkanda ni hatua ngapi?"
"Tatu."
"Zako au zangu?"

Hilo sikuwa nimelipima.
"Zangu," nikasema.

Akaitazama miguu yangu, akahesabu kwa midomo,
akaongeza moja ya akiba.
Yatakwisha akanyoosha pua hadi mkanda ulipoishia,
akanusa harufu ya mafuta na iliki, akapiga chafya.
Mtoto akapita,
hakuharakisha,
macho wazi.