Mlango wa Saba

Nilichora daraja nyuma ya kalenda ya mwaka juzi,
upinde mmoja, rangi saba, juu ya mto Themi,
nikampelekea fundi Ndetaulwa pale Kijenge.
Akalitazama kichwa chini miguu juu.
"Mama Nashipai ana kilo ngapi
akiwa na mkungu kichwani, mtoto mgongoni,
na matope ya masika viatuni?"
Sikujua.
"Basi hujachora daraja. Umechora upinde wa mvua."

Tukaanza upya, na mizani ya kupimia mahindi.

Chesisi mbili za magari ya watalii
tulizikuta Unga Limited zimelala chali,
kutu imekula ngozi, uti wa mgongo mzima.
Zimezoea mashimo ya Serengeti, tenga la nyanya litazifanya nini?
Matairi tukayachana kwa kisu cha mshona katambuga,
maana mguu wa hapa unaijua raba hii tangu zamani.
Kingo tukafanya milango, kumi na mmoja,
rangi yake ileile ya vumbi.
(Nilitaka kuipaka. Tulinuniana siku tatu.)

Bwana wa manispaa akaja na fomu:
"Hili ni daraja au sanaa? Kisanduku ni kimoja."
Fundi hakuvua miwani ya kuchomelea.
"Andika daraja. Hiyo nyingine itavuka yenyewe."

Siku ya kwanza watu walivuka tu.
Mkungu ukapita, baiskeli ikapita ikisukumwa,
wanafunzi wakaburuza rula kwenye milango, ta-ta-ta-ta,
nami kando, kama mpishi anayesubiri kuambiwa chumvi imezidi.

Jioni akaja Loishiye, dereva mstaafu.
Mlango wa saba ukamsimamisha.
Akatia kidole penye bonde la bati.
"Huyu ni tembo. Ndutu, mwaka ule wa mvua.
Bosi alinikata mishahara miwili."
Akashika kitasa, akavuta,
kwa mkono uleule wa miaka kumi na tisa.

Haukufunguka. Tuliuchomelea wenyewe.

Asubuhi nikamkuta fundi kapiga magoti,
grenda inalia, anakata mshono wake mwenyewe.

Sasa mlango wa saba una bawaba.
Nyuma yake nondo nne, kisha hewa,
kisha Meru, mawingu yakiruhusu.
Hauendi popote.
Watu huufungua, huchungulia, huufunga,
na wengi huubamiza mara mbili,
si unayajua magari ya zamani.