Jino la Kushoto

Otindo aliyaleta majani asubuhi,
buti zikinuka tope la Bwawa la Nairobi,
ndani ya mfuko wa unga wa kilo mbili.
"Madam, yako mengi. Hata ungetaka lori."
Nikatoa jani moja, nikalifuta majitaka,
nikaliandikia namba kwa penseli: N-14.

Pembeni yake, bahasha
iliyosafiri siku ishirini na sita
kutoka kisiwa ambacho kwenye ramani ya ukutani
kimefunikwa na kichwa cha pini.
Ndani, jani lililokaushwa kwa chembe za silika,
jepesi kama ganda la kitunguu,
na mwandiko wa mtu nisiyemjua,
saba zake zimefungwa mkanda kiunoni:
*Bwawa la kunyweshea kondoo.
Tulikuwa na mimea ya maji aina tatu.
Sasa tuna huu.*

Nikasaga. Chiromo, chumba cha chini,
kinu kidogo kuliko cha kitunguu saumu,
naitrojeni ikifuka baridi kama Limuru mwezi wa saba.
Nikazungusha, nikaosha, nikamimina spiriti
mpaka uzi mweupe ukajitokeza,
mwembamba kama ute wa mtoto anayeota meno.
Stima ikapotea saa nane. Ikarudi saa kumi.
Nikaanza tena.

Usiku jeli ikawaka chini ya taa ya zambarau:
mistari ya kisiwa na mistari ya bwawa letu
imesimama bega kwa bega, ileile,
ngazi mbili za fundi mmoja.
Ndugu hutofautiana, hata binamu.
Huu ni mmea mmoja
uliojikata vipande, ukajituma.

Gugumaji haringojei nyuki.
Hunyoosha kidole juu ya maji, kidole kikawa kiganja,
kiganja kikawa mwili, mwili ukanyoosha kidole.
Mtu fulani alilipendea ua,
akaliweka kwenye beseni, akahama nalo.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu, siku ya tatu, jembe tulilishika sisi,
na kila tulipomkata tukamzidisha.

Nina pacha.
Yai moja lililojigawa tumboni mwa mama, Makadara.
Mumbua yuko Manama, nacho ni kisiwa,
anapiga pasi, analea watoto wa watu.
Mwaka wa sita. Juzi alinipigia kwa video,
nikaona mtu mwenye paji langu
akisita katikati ya sentensi, akitafuta neno la Kikamba.
"Bado tunafanana?"
Nikasema ndiyo, haraka mno.

Mistari najua kuilinganisha.
Sina kipimo cha maji aliyokunywa,
wala cha pale alipojifunza kucheka bila sauti.
Jeni zilezile: huku uchafu wetu umeyanenepesha majani
yakawa sahani; kule jani dogo, gumu,
kama ukucha wa mtu wa mashamba ya chumvi.

Hata hivyo siuonei huruma mmea huu.
Mumbua hajamziba mtu pumzi.
Chini ya zulia lile la kijani maji hayajui jua,
na pale watu waliposhindana kwa mashua zamani
mtoto wa Kibra anaweza kudhani ni uwanja,
akaufuata mpira wake.

Daktari Wanyonyi anataka ripoti Ijumaa.
Nimeandika: sampuli arobaini na moja, mmea mmoja.
Nimeandika: udhaifu wa mmoja huenda ni udhaifu wa wote;
mdudu atakayeuweza huku, kule pia atauweza.
Hiyo ndiyo habari njema.
Nimeisoma mara tatu, kalamu mdomoni.

Saa za Manama na zetu ni moja.
Nikaweka kalamu, nikamwandikia:
lile jino la kushoto, la nyuma, bado linakuuma?
Langu limeanza.