Gramu Arobaini

Mama ameniandikia mgongoni mwa bili ya umeme:
mkunga mmoja wa moshi, mnene kama kifundo cha mkono,
siagi ya katani,
matango ya chumvi, yasiwe teketeke.
Chini, kwa kalamu nyingine:
usiseme nani kakutuma.

Nashuka kwenye tramu. Theluji ya Riga imeshakuwa tope.
Mbele yangu mapaa matano, yamebinuka
kama migongo ya ng'ombe waliolala.
Zamani yalihifadhi maputo ya vita,
manene, yenye kubeba mabomu juu ya mawingu.
Leo yanahifadhi kabichi.
Sijaona paa jingine lililotubu hivi.

Baridi inaniachia mlangoni
kama mbwa aliyekatazwa kuingia.
Hapa hakuna anayenadi.
Muuzaji hukutazama tu,
anakutazama,
mpaka uone haya, ununue.

Banda la samaki, meza ya tatu kutoka bombani:
Ausma, glavu zimekatwa vidole,
aproni ya maua ya buluu.
Nyumbani ipo iliyokatwa jora lilelile.
Mama huifutia madirisha.

Waliuza pamoja, meza moja, sanduku moja la fedha,
hadi siku Mama aliposema, wateja wakisikia,
kwamba mizani ya Ausma inaiba
gramu arobaini kila kilo.
Nilikuwa na miaka sita. Sasa nina mvi.

"Mkunga mmoja," nasema. "Mnene."
"Kama kifundo cha mkono?"

Nikatazama barafu. Nikatazama macho ya samaki,
ambayo nayo hayakuwa na la kunisaidia.

Akauruka ule mzani wa umeme unaowaka namba kijani,
akainama, akatoa wa zamani, wa chuma,
akaupangusa kwa kiwiko.
Mshale ukatetemeka, ukatulia.
Akanifungia mkunga kwenye gazeti.
Kisha akachukua kisu, akakata kipande kidogo
kutoka kwa mkunga mwingine,
akakipima peke yake,
akakifunga peke yake.
"Hiki hakilipiwi," akasema,
akamgeukia mteja aliyefuata.

Jioni Mama hakuvua hata koti.
Alifungua kifurushi kidogo kwanza,
nani kamwambia sijui,
akakiweka juu ya mzani wake wa kupimia unga,
akavaa miwani,
akasubiri.

"Arobaini na tatu," akasema.
"Si nilisema? Ule mzani mbovu."

Akanipa mgongo, akala
kwa vidole, amesimama, polepole,
mafuta yakimtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono.

Matango nilisahau.
Hakuniuliza.